RAM imeongezwa, maneno bado hayaji: kisa cha wakili na profaili yake

"Mwanangu, mashine imezubaa. Nimeiongezea RAM, nimelipa, na bado imezubaa."

Simu hiyo ilinikuta mimi, fundi wa kompyuta, Jumatatu asubuhi, mwaka 2016, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Aliyepiga alikuwa wakili wa Mombasa, mama wa makamo mwenye ofisi ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Nkrumah Road. Baridi yabisi ilikuwa imemwingia vidoleni na kibodi ikamshinda. Hati za kiapo, barua za madai, hoja za kupeleka mahakamani, yote alikuwa akiyatamka kwa mdomo na programu ya Dragon NaturallySpeaking, toleo la 12, ikimwandikia. Mwaka wa kwanza ilimfaa sana. Baadaye ikaanza kuchelewa, kisha ikaanza kusahau, na siku aliyonipigia alikuwa amerudi kuchapa kwa vidole viwili huku kila herufi ikimuuma.

Nilipanda ngazi, nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikamwomba atamke kama anavyotamka siku zote nami nisimame nyuma ya kiti. Akavaa hedifoni yenye maiki, akasema kwa Kiingereza kwamba mdai ndiye mmiliki aliyesajiliwa wa kiwanja kilichoko Kisauni. Tukangoja. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika tisa, sentensi nzima ikatua kwa mkupuo mmoja, na mahali pa Kisauni pakaandikwa "kiss our knee", yaani busu goti letu.

"Umeona?" akasema. "Neno hili hili nimelisahihisha mara nne wiki iliyopita. Jana limekuja sawa. Leo imerudia mambo yake ya kubusu magoti."

Kwenye daftari nikaandika malalamiko matatu, kila moja ukurasa wake. La kwanza, maneno yanachelewa kutokea. La pili, programu inasahau ilichofundishwa. La tatu alinieleza tulipokuwa tunakunywa soda: asubuhi akiifungua humtuma karani akalete mahamri, na karani hurudi mashine ikiwa bado "inajinyoosha". Nimejifunza kutoyachanganya mambo ya namna hii. Mtu akiwa na homa, kikohozi na mguu uliovunjika, huwezi kumpa dawa moja kwa sababu tu vyote vimempata wiki moja.

Mashine ilikuwa ya mezani, prosesa ya Core i3, diski ya kawaida ya kuzunguka, Windows 7 ya biti 32. Ilinunuliwa na RAM, yaani kumbukumbu ambamo programu hufanyia kazi zikiwa wazi, ya gigabaiti 2. Duka moja la kompyuta lilimwongezea 2 nyingine. Nikafungua ukurasa wa mfumo na kumwonyesha mstari mmoja: RAM iliyomo ni gigabaiti 4.00, inayotumika ni 3.24.

"Na hiyo nyingine imekwenda wapi? Nimeilipia."

Swali la haki. Windows ya biti 32 ina anwani za kutosha gigabaiti 4 na si zaidi, na sehemu ya anwani hizo hutengewa kadi ya picha na vifaa vingine kabla programu yoyote haijapata kitu. Chipu imo ndani, nzima kabisa, ila mfumo hauna namba za kuifikia yote. Na si hivyo tu. Kila programu peke yake hupewa uwanja wa gigabaiti 2, hata ukatia RAM ya kujaza debe. Waliotengeneza toleo la 12 walitaja kiwango cha chini kuwa gigabaiti 2 kwa Windows ya biti 32, na 4 kwa ya biti 64. Kwa hiyo hata kabla ya kuongezewa, mama huyu hakuwa nje ya nyumba. Alikuwa amesimama kizingitini.

Hapo nikafanya kosa langu, na ni vizuri nilitaje mapema. Nilikuta kivinjari kimefunguliwa kurasa zaidi ya ishirini, na antivairasi imepangwa kukagua diski nzima saa tatu asubuhi, saa ile ile anayoanza kazi. Nikafunga kurasa, nikahamisha ukaguzi hadi jioni, akajaribu tena: sekunde tisa zikawa nne. Nikapokea hela yangu nikashuka ngazi kifua mbele. Alhamisi akanipigia. Zimerudi tisa, na sasa kuna siku zinafika kumi na mbili.

Safari ya pili sikuwa na haraka tena. Dragon haiandiki neno kwa kulitambua kama unavyotambua uso wa jirani. Sauti huikata vipande vya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, na kila kipande hulinganishwa na kielelezo cha sauti: hii yaweza kuwa "k", yaweza kuwa "g". Mabunda ya sauti hizo hugeuka kuwa maneno yanayowezekana, na maneno hayo hupimwa na kielelezo cha lugha, kinachojua kwamba baada ya maneno fulani ya kisheria hufuata mengine, kwa uwezekano mkubwa au mdogo. Kwa muda wote unapozungumza, programu imeshika mikononi sentensi nyingi kwa pamoja, inazipalilia, inang'oa zilizo dhaifu. Maneno hai ya msamiati yote yamo kwenye RAM. Kamusi kubwa ya akiba imekaa kwenye diski na huguswa mara chache. Kazi yote hii inataka nafasi, na inaitaka papo hapo. RAM ikijaa, Windows huhamisha kurasa za kumbukumbu kwenda kwenye diski na kuzirudisha zikihitajika. Diski ya kuzunguka ikiombwa kurasa mia kwa wakati mmoja, ndipo unapoanza kuhesabu kimoyomoyo.

Nikafungua Resource Monitor, chombo cha Windows cha kupimia matumizi ya mashine, upande wa kumbukumbu, nikamwambia atamke. Safu niliyokuwa nikiitazama huitwa Hard Faults. Hiyo huonyesha mara ngapi kwa sekunde programu imetafuta ukurasa kwenye RAM ikaukosa, ikaufuata diskini. Mama akiwa kimya, sifuri. Alipoanza kusema, mstari ule ukaruka kama mbuzi aliyekanyagiwa mkia. Natspeak.exe, ambayo ndiyo Dragon yenyewe, ilikuwa imemeza karibu megabaiti 700. Ukijumlisha Word yenye faili la kurasa tisini, kivinjari kilichokuwa kimefunguliwa upya chote, na antivairasi, tulikuwa tumefika ukingoni.

Ila megabaiti 700 hazikutosha kunielezea sekunde kumi na mbili. Nikaingia kwenye setingi. Kuna kitelezi kimoja huko, kushoto kasi, kulia usahihi. Kilikuwa kimesukumwa kulia hadi mwisho.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi. Si kimeandikwa usahihi? Wakili gani asiyetaka usahihi?"

Sikumlaumu. Kitelezi kile huiambia programu ishike sentensi ngapi za kubahatisha na izitafakari kwa muda gani kabla ya kukata shauri. Kwenye mashine yenye nguvu, ukikisukuma kulia unaongeza usahihi kidogo. Kwenye mashine iliyobanwa, kuchelewa huongezeka, na kuchelewa huko humharibu msemaji mwenyewe. Nilimtazama tena akitamka, nikaona kitu ambacho siku ya kwanza kilinipita: alikuwa hasemi sentensi tena. Alisema maneno mawili, akangoja yatokee, akasema mengine mawili. Bila kujua alikuwa amerudi kwenye utamkaji wa miaka ya tisini mwanzoni, wakati DragonDictate ilipomlazimu mtu kutua baada ya kila neno. NaturallySpeaking ilitoka 1997 kwa ajili ya kuondoa hilo hilo. Kielelezo cha lugha hula muktadha. Ukikipa maneno mawili mawili kinakufa njaa, na ndipo Kisauni inapogeuka busu. Kwa hiyo usahihi alioununua kwa kitelezi aliurudisha wote, na zaidi, kwa namna alivyolazimika kusema.

Nikarudisha kitelezi katikati. Hilo likawa jibu la nusu ya lalamiko la kwanza. Jibu la lalamiko la pili na la tatu lilikuwa limechomekwa mbele ya macho yangu siku zote.

Ilikuwa flashi nyekundu, ndogo, kwenye tundu la USB upande wa mbele wa mashine. Nilidhani ina hati zake. Nikauliza.

"Hiyo? Hiyo ndiyo mimi," akacheka. "Yule kijana wa dukani aliniambia sauti yangu yote imo humo. Nikienda nyumbani naichomoa, naichomeka kwenye laptopu, naendelea."

Nilikaa chini. Ili msomaji aelewe kwa nini nilikaa chini, ni lazima ajue profaili ni kitu gani. James na Janet Baker walipoanzisha Dragon Systems huko Massachusetts mwaka 1982, RAM ya kompyuta za watu wa kawaida ilihesabiwa kwa kilobaiti, na hata bidhaa ile ya 1997 ilipotoka, ilihesabiwa kwa makumi ya megabaiti tu. Huwezi kuweka sauti za dunia nzima kwenye nafasi kama hiyo. Unaweka kielelezo cha jumla, kisha unakikunjakunja hadi kimwenee mtu mmoja, na mikunjo hiyo unaihifadhi kwenye faili zake. Kampuni imebadilisha wenyewe mara kadhaa, Lernout & Hauspie mwaka 2000, kisha ScanSoft iliyojiita Nuance mwaka 2005, lakini mpango huo wa faili za mtumiaji ulibaki. Ukifungua folda yake, ambayo kwa kawaida hufichwa ndani ya ProgramData, utakuta folda yenye jina lako, na ndani yake mbili: current na backup. Humo mna kielelezo cha sauti yako, msamiati wako, faili za maandishi matupu zinazoshika setingi, na folda ya rekodi za masahihisho yako, zile ambazo programu huzisikiliza tena baadaye ili ijirekebishe. Yote hayo yanapakiwa asubuhi na kuandikwa upya jioni.

Mama alikuwa amebeba folda yote hiyo kwenye flashi ya USB 2.0 ya bei ya sokoni. Mahamri yakapata maelezo: kila asubuhi mamia ya megabaiti yalivuka daraja jembamba. Kusahau nako kukapata maelezo. Jioni akifunga programu, humuuliza kama ahifadhi mabadiliko. Akikubali, kuandika kwenye flashi ile kulichukua dakika kadhaa, na dereva yuko chini anapiga honi. Siku nyingine alijibu hapana ili awahi. Siku nyingine alijibu ndiyo akachomoa flashi kabla haijamaliza. Kesho yake profaili ikigoma kufunguka, karani, aliyekuwa ameelekezwa na yule kijana, alirudisha nakala ya akiba. Na nakala ya akiba, kama mtu hajabadilisha setingi, hutengenezwa kila baada ya kuhifadhi mara tano. Yaani kila walipoirudisha, walifuta masahihisho ya siku tatu au nne. Neno "Kisauni" alikuwa amelifundisha kweli. Lilikuwa linazaliwa na kuzikwa kila wiki.

Halafu pana la nyumbani. Ofisini alitumia hedifoni. Nyumbani alitumia maiki ya ndani ya laptopu, chini ya feni la dari, na jogoo wa jirani asiye na saa maalumu ya kuwika. Dragon inakuruhusu kuwa na vyanzo viwili vya sauti katika profaili moja, kila kimoja na kielelezo chake, lakini ni lazima uiambie. Hakuna aliyeiambia. Kwake sauti zote zilikuwa za hedifoni, na wakili alikuwa mtu mmoja mwenye makoo mawili.

La mwisho ndilo lililoifanya RAM ya dukani iwe kazi bure. Unapounda profaili, programu hupima prosesa na RAM iliyopo siku hiyo, na kukuchagulia kielelezo kinacholingana. Katika toleo hilo vilikuwepo BestMatch III, IV na V. Kikubwa zaidi kinataka mashine yenye nafasi zaidi. Profaili ya mama iliundwa mashine ikiwa na gigabaiti 2, ikapewa kielelezo kidogo. RAM ilipoongezwa hakuna aliyeishonea profaili nguo mpya. Haijipimi upya, na ile iliyopo huibadilishi kielelezo, unaunda nyingine. Alilipia chumba cha ziada ambacho programu haikujua kama kina mlango.

Programu yenyewe, ningependa ieleweke, haikuwa na kosa lolote katika haya. Ilifanya kila ilichoambiwa.

Nilipomwambia tunaanza profaili mpya alinikatalia. "Miaka miwili nimeifundisha. Kumbukumbu yote ya sauti yangu imo humo, na wewe unataka niitupe?"

"Mama, humo imo na kumbukumbu ya jogoo."

Akanyamaza, akacheka, akaniambia nifanye, lakini ile ya zamani nisiifute. Nisingeifuta. Niliinakili mara mbili, moja kwenye diski ya mashine na moja kwenye diski yangu, kabla ya kugusa chochote.

Kutoka profaili ya zamani nilichukua kitu kimoja tu: orodha ya maneno aliyoyaongeza mwenyewe. Dragon huitoa kama faili la maandishi, na ukilifungua kwa Notepad mstari wa kwanza unasomeka @Version=Plato-UTF8. Mstari huo usiuguse, ndio unaoifanya faili itambulike ikirudi. Chini yake maneno yamepangwa, na penye mkwaju uliolalia nyuma, upande wa kushoto ni linavyoandikwa na wa kulia linavyotamkwa. Hapo ndipo nilipotumia saa nyingi kuliko mahali pengine popote katika kazi hii, na sikujuta. Kisauni ilikuwemo mara tano: kwa herufi kubwa, kwa ndogo, imekatwa katikati, ina nukta mwishoni, na moja imeandikwa Kisauny. Zilikuwemo sentensi nzima zilizoingia kwa bahati mbaya. Yalikuwemo maneno ya Kiswahili kama "kwamba" na "yeye", yaliyoingia siku kijana alipoilisha programu hati zilizonukuu mashahidi kwa lugha yao. Kila neno la aina hiyo ni mshindani mpya: programu ikisikia sauti inayofanana, italipa nafasi. Nikayang'oa yote. Tukabakiza majina ya watu, ya mahali, na istilahi za ardhi na wakfu anazozitumia kila siku.

Majina ya mahali yalitaka ujanja. Programu hubahatisha matamshi kwa kufuata tahajia ya Kiingereza, na tahajia ya Kiingereza ikikutana na Mtwapa hukwama kwenye herufi mbili za mwanzo. Kwa hiyo kulia kwa mkwaju tuliandika kwa masikio ya Mwingereza: "um twappa", "key sow oony", "key come bahla". Kikambala ikakubali mara moja, Mtopanga ikakubali. Ng'ombeni, ile ya Kwale, ikagoma. Tulijaribu tahajia sita. Mwisho mama akasema, "Si lazima niseme Ng'ombeni, sivyo? Si niseme chochote?" Ndivyo. Upande wa kulia wa mkwaju unaweza kuwa maneno yoyote. Akaniamuru niandike "cow village". Mpaka leo akitamka kijiji cha ng'ombe kwa Kiingereza, kwenye hati panatokea Ng'ombeni, na kitone chake cha juu hakikosekani.

Profaili mpya niliiunda kwenye diski C. Kielelezo nilichagua cha kati, BestMatch IV. Mafundi wenzangu wawili walinicheka: kwa nini usiweke cha V, na kwa nini usiweke Windows ya biti 64, prosesa si inakubali? Inakubali. Lakini Windows ya biti 64 yenyewe hula RAM zaidi, na ukiwa na gigabaiti 4 zote, unachopata juu unakipoteza chini. Ningekuwa na 8 ningehama siku hiyo hiyo. Kwa 3.24, kielelezo cha kati kinachokaa chote ndani ya RAM hukimbia kuliko kikubwa kinachotia mguu mmoja diskini, na msemaji asiyengojeshwa husema sentensi nzima nzima. Niliona ni bora nimlindie yeye namna yake ya kusema kuliko nikilinde kielelezo.

Wakati wa kuunda unaulizwa lafudhi. Ya Afrika Mashariki haipo. Kijana wa dukani alichagua ya Marekani. Nikaunda profaili mbili za majaribio, moja ya Kiingereza cha Uingereza na moja ya lafudhi ya Kihindi, nikampa aya moja aisome kwa zote mbili, nikazungushia makosa kwa kalamu nyekundu. Ya Kihindi ilikuwa na wekundu kidogo zaidi ya... la, niseme wazi, ilikosea mara chache kuliko ya Uingereza, nami sikuitarajia. Yeye hakushangaa. "Nimekulia Makadara," akasema, "mlango kwa mlango na Wahindi. Ulidhani Kiingereza nilijifunza kwa Malkia?"

Kisha tukaipa hati zake za zamani isome ijue mtindo wake, lakini zilizosafishwa: bila nukuu za Kiswahili, bila vichwa vya barua, bila PDF zilizopigwa picha, ambazo hazina maandishi ndani. Hati thelathini za maana zilitufaa kuliko mia tatu walizoilisha mwanzo.

Yaliyobaki yalikuwa ya mpangilio, nayapitia haraka. Folda ya profaili tukaitoa kwenye ukaguzi wa papo kwa papo wa antivairasi. Akanunua UPS, betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika, kwa sababu umeme ukikatika programu ikiwa katikati ya kuhifadhi, hasara ni ile ile ya flashi. Akazoea kuhifadhi saa saba mchana, kabla ya chakula, ili jioni pasiwe na kitu kikubwa cha kungojea. Laptopu ya nyumbani ikapata profaili yake na maiki yake ya kuvaa, na mara moja kwa mwezi orodha ya maneno husafiri kutoka ofisini kwenda nyumbani. Flashi nyekundu sasa inabeba kilobaiti chache tu. Dragon pia ina kazi ya kujinoa, inayosikiliza upya rekodi za masahihisho na kurekebisha vielelezo, na hupangwa ijiendeshe usiku wa manane. Ofisi ile, kama nyingi za mjini, huzimwa hadi swichi ya ukutani saa kumi na moja. Kwa miaka miwili kazi hiyo haikuwahi kufanyika hata mara moja. Tuliihamishia Ijumaa adhuhuri, ofisi inapofungwa kwa sala na mashine kukaa yenyewe.

Baada ya wiki tatu nikapita kukagua. Programu ilifunguka kabla karani hajafika mlangoni. Maneno yalitokea baada ya sekunde mbili hivi, na mama alikuwa ameacha kuangalia skrini akitamka. Alikuwa anatazama dirishani, jambo lililonifurahisha kuliko zile sekunde. Makosa yalikuwepo. Hakuna mashine ya namna hii isiyo na makosa, na hati ya kiapo haiendi mahakamani bila kusomwa na mtu.

Aliniuliza, kama wanavyouliza wote, kuhusu Kiswahili. Dragon haikuwa nacho. Leo ningemjibu vingine: Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inakifahamu, na inaweza kukaa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Ila lile suala la nafasi limerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa kutumia whisper.cpp, toleo lake la kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, kielelezo kidogo cha vigezo (namba zinazobeba kilichojifunza) milioni 244 ni faili la megabaiti 466 na hutaka RAM ya megabaiti 850 hivi. Kikubwa kinataka karibu gigabaiti 3.9, zaidi ya mashine yake yote ile ilivyoweza kuona. Na hakina profaili. Huwezi kukifundisha Ng'ombeni kwa kusahihisha leo ukaikuta imekumbukwa kesho. Kwa hati zake za Kiingereza, nisingemhamisha.

Miezi michache baadaye nilirudi kwa ajili ya printa. Nikiwa pale nikachungulia folda ya profaili, kwa mazoea, nikakuta ya tatu nisiyoiunda mimi. Jina lake lilikuwa test. Ilitumika kila siku saa ya chakula, na folda yake ya rekodi ilikuwa imenenepa. Nikamwangalia karani, karani akaangalia viatu vyake. Alikuwa akitamka barua za kuomba kazi kwenye ofisi nyingine za mawakili. Nilimweleza polepole, mama akiwa kwenye simu chumba cha pili, kwamba kila anaposahihisha neno, programu huhifadhi sauti yake akilitamka, na sauti hiyo inaweza kuchezwa na yeyote mwenye kukalia kiti kile.

Nilipomaliza printa, test haikuwepo tena.